Jumba la Maajabu na Nyumba ya Kasubi: Uhakiki juu ya Udumifu wa Majengo ya Utamaduni

UTANGULIZI

Katika mijadala ya wasanifu majengo na ya walinzi wa mambo ya kale, neno "endelevu" limeshika nafasi kubwa. Jengo huitwa endelevu likitumia nishati kidogo, likijengwa kwa vifaa vya mahali lilipo, na likiweza kurithiwa na vizazi vijavyo bila ya kuwaachia deni. Fasili hii ni nzuri, lakini ina upungufu mmoja ambao mwanaisimu hawezi kuupita bila ya kuugusa: inalitazama jengo kama kitu kilichokwisha. Kitenzi "endelea", ambacho ndicho asili ya neno hilo, husema juu ya tendo ambalo bado linatendwa. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza jengo limejengwa kwa kitu gani, inafaa kuulizwa ni tendo gani linaloendelea ndani yake, na ni nani anayelitenda.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuyahakiki majengo mawili ya Afrika ya Mashariki yaliyopishana kwa mwaka mmoja tu: nyumba kuu ya Kasubi, mjini Kampala, iliyojengwa mwaka 1882, na Jumba la Maajabu, yaani Beit al-Ajaib, mjini Unguja, lililojengwa mwaka 1883. Ya kwanza huezekwa kwa nyasi. La pili ni la mawe, chokaa na chuma. Ya kwanza iliungua mwaka 2010. La pili liliporomoka mwaka 2020. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jengo la utamaduni hudumu pale ambapo wapo watu wenye haki, wajibu na ujuzi wa kulitengeneza, na wenye maneno ya kuurithisha ujuzi huo. Ugumu wa vifaa huja baada ya hayo.

1. JUMBA NA MUUNDO WAKE

Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alilijenga jumba hilo kwa ajili ya sherehe na mapokezi ya serikali. Lilisimamishwa ufukoni, likitazama bandari, hata mgeni aliyewasili kwa chombo aliliona kabla ya kuuona mji. Umeme na lifti ni miongoni mwa mambo yanayotajwa kila mara pinapoelezwa asili ya jina lake.

Kwa jicho la mhakiki, ajabu kubwa zaidi imo katika muundo. Nyumba ya mawe ya pwani hujengwa kwa kipimo cha boriti, yaani mti wa mkoko unaolazwa kutoka ukuta hadi ukuta ili ubebe sakafu ya juu. Boriti ikiwa ndefu mno hupinda kwa uzito. Kwa sababu hiyo, vyumba vya Mji Mkongwe, kama vile vya Lamu, ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa karibu mita 3. Mti ndio unaoamua upana wa chumba. Jumba la Maajabu lilikataa amri hiyo. Lilitiwa mihimili ya chuma, likazungushiwa roshani pana zinazobebwa na nguzo za chuma cha kusubu, na dari zake zikainuliwa kupita kawaida ya nyumba za mji. Kuta, hata hivyo, zilibaki za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za majirani zake.

Hapo ndipo kilipo kiini cha jambo. Jumba hilo liliunganisha vifaa viwili vyenye tabia zisizofanana. Ukuta wa chokaa hupumua: hunywa unyevu wakati wa masika, huutoa wakati wa kiangazi, na nyufa zake ndogo huzibwa kwa chokaa mpya. Chuma kikifikiwa na maji na chumvi ya bahari hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Hivyo hulisukuma na kulipasua jiwe lililokizunguka. Mwashi wa chokaa alijua la kufanya na ukuta. Chuma kilidai fundi mwingine, vipuri vingine na ukaguzi wa namna nyingine, na vyote hivyo vilikuwa vya kuagizwa kutoka ng'ambo.

Historia ya matumizi iliuongeza ugumu huo. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipoipiga mizinga ikulu kwa muda usiofika saa nzima, jengo la jirani liliharibiwa na mnara uliosimama mbele ukabomoka. Jumba lenyewe liliokoka, na katika matengenezo yaliyofuata likapewa mnara wa saa usoni pake. Chini ya Waingereza lilikuwa ofisi za serikali. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 lilitumiwa kwa shughuli za chama. Hatimaye, mwanzoni mwa karne hii, likawa makumbusho ya historia na utamaduni, na uani mwake kikawekwa chombo cha mtepe kilichoshonwa kwa kamba kwa mfano wa vyombo vya kale. Kila zamu ilikuwa na jengo, lakini jengo halikuwa na mwenyewe wa kudumu ambaye angeweza kukumbuka maji yalipenyea wapi miaka ishirini iliyopita.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliandikwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2012 sehemu ya roshani za Jumba ilianguka, na makumbusho yakafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati uliogharimiwa na Oman ukiwa unafanyika, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka. Watu wawili walikufa.

Kuzieleza sababu za tukio hilo ni kazi ya wahandisi. Mhakiki anatosheka na tarehe zenyewe. Kati ya mwaka 2012 na 2020 ipo miaka minane, na jengo lilikuwa limekwisha kutoa taarifa. Taarifa ya namna hiyo haisomwi kwa mara ya kwanza na mtaalamu anayekuja kwa mkataba. Husomwa na mtu anayepita chini ya roshani ile kila siku na ambaye kuitengeneza ni wajibu wake.

Jina nalo lastahili kuchunguzwa. Ajabu ni jambo la kutazamwa. Anayestaajabu husimama mbali, huinua macho, kisha huenda zake. Jumba hilo lilijengwa litazamwe, likasifiwa kwa kutazamwa, na likaandikwa katika vitabu vya wasafiri kwa kutazamwa. Katika sifa hizo zote, umeme, lifti, kimo na nguzo vilitajwa. Mfereji wa maji ya mvua juu ya paa haukutajwa. Ilhali uhai wa jengo la chokaa hutegemea mfereji huo kuliko mnara wa saa.

2. MANENO YA MWASHI

Mtu akitaka kujua jinsi nyumba ya pwani ilivyotunzwa, kamusi itamsaidia sawa na michoro. Chukua neno "sakafu". Kwa Kiarabu, "saqf" ni paa au dari. Kwa Kiswahili neno lilelile limekuwa jina la mahali pa kukanyagwa. Mwanafunzi wa isimu huweza kusema kwamba maana imehama, akaishia hapo. Lakini mwashi angemweleza kwamba maana haikuhama hata kidogo: katika nyumba ya ghorofa yenye paa bapa, tabaka la mawe na chokaa linalolazwa juu ya boriti ni paa kwa aliye chini na ni sakafu kwa aliye juu. Ni kitu kimoja chenye watumiaji wawili. Neno limehifadhi muundo wa nyumba.

Tabaka hilo lilitengenezwa kwa kitendo ambacho Kiswahili kilikipa kitenzi chake: kupigilia. Kundi la watu lilikaa juu ya sakafu mbichi na kuipiga kwa vipande vya mti, pigo baada ya pigo, hadi chokaa ishikane na maji yasipate njia. Kazi hiyo ilihitaji mikono mingi na siku nyingi. Mtoto aliyeikuta nyumbani kwao alijifunza bila ya kufundishwa kwamba sakafu ni kitu kinachotengenezwa na watu, na kwamba ikipasuka watu haohao wanaweza kuitengeneza tena.

Kinyume chake ni neno "saruji". Huko Oman, saruji ni kiungio cha kale kinachopatikana kwa kuchoma udongo na kuuchanganya na chokaa, na kwa hicho ngome na mifereji ya maji ilijengwa. Katika Kiswahili cha leo, saruji ni unga wa kiwandani unaouzwa katika mifuko. Jina limebaki, kitu kimebadilika. Hasara ya mabadiliko hayo inaonekana ukutani. Lipu ya saruji ya kiwandani ni ngumu kuliko ukuta wa chokaa ulio nyuma yake, nayo huziba vinyweleo vya ukuta. Unyevu uliomo ndani hukosa njia ya kutoka, chumvi hukusanyika, chokaa hulegea, na siku moja lipu hubanduka pamoja na sehemu ya ukuta. Mwenye nyumba huona kwamba lipu ilikuwa dhaifu, akaongeza saruji. Hivyo ugonjwa unatibiwa kwa chanzo cha ugonjwa. Kosa la namna hiyo hurahisishwa na lugha yenyewe, kwa kuwa neno moja linafunika vitu viwili vinavyopingana.

Methali ya Waswahili isemayo "Usipoziba ufa utajenga ukuta" imetumiwa mno kwa mafumbo, katika malezi, ndoa na siasa, hata maana yake ya kwanza ikakaribia kusahauliwa. Inafaa irudishwe ukutani ilikotoka. Msemewa ni mtu wa nafsi ya pili, umoja: wewe uliye karibu na ufa. Methali haimwambii sultani, wala serikali, wala mfadhili. Inamwambia mkaaji. Pia inataja adhabu kwa hesabu ya kazi: atakayepuuza ufa atajenga ukuta mzima. Hiyo ndiyo nadharia kamili ya utunzaji wa majengo, iliyotungwa na watu waliokaa katika nyumba za chokaa.

3. NYUMBA YA KASUBI

Kabaka Muteesa wa Kwanza aliijenga Kasubi kuwa ikulu mwaka 1882; alipofariki mwaka 1884 ikawa kaburi lake, na baadaye kaburi la makabaka watatu waliomfuata: Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Muteesa wa Pili. Nyumba kuu, iitwayo Muzibu Azaala Mpanga, ni ya duara, na paa lake la nyasi linashuka hadi karibu na ardhi. Ndani, chini ya paa, mna pete 52 za makuti zinazowakilisha koo 52 za Buganda. UNESCO iliyaandika makaburi hayo katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Mtazamaji asiyejua mambo atasema kwamba nyumba ya namna hiyo haiwezi kudumu, maana nyasi huoza. Hilo ni kweli, na ndilo jambo la kuzingatiwa. Kwa kuwa nyasi huoza, nyumba haiwezi kuachwa. Inadai kuezekwa tena na tena, na kazi ya kuezeka imekabidhiwa ukoo wa Ngeye, wenye miiko na mafunzo yake. Mtu wa ukoo huo hahitaji kuajiriwa ili aone kwamba paa limechoka. Heshima ya ukoo wake imo juu ya paa hilo. Udhaifu wa nyasi umezaa uimara wa desturi. Katika Jumba la Maajabu jambo lilikuwa kinyume: uimara wa chuma uliwapa watu ruhusa ya kusahau.

Tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliungua. Hasara ilikuwa kubwa na uchungu wa Waganda ulikuwa mkubwa zaidi. Makaburi yaliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na kazi ya kuijenga upya ikaanza, ikisaidiwa na fedha za nje, Japani ikiwa mmoja wa wafadhili. Mwaka 2023 UNESCO iliyatoa katika orodha hiyo ya hatari. Nyumba iliyopotea kwa usiku mmoja ilirudi, kwa sababu kilichoungua kilikuwa nyasi na miti; haki ya kuezeka, majina ya sehemu za nyumba na mpangilio wa pete 52 havikuungua.

4. PINGAMIZI

Hoja hii inaweza kupingwa kwa njia tatu, na kila moja inastahili kujibiwa.

Pingamizi la kwanza ni kwamba Kasubi ilichukua miaka 13 kurudi katika hali ya kukubalika, na kwamba desturi isiyoweza kuzuia moto haiwezi kusifiwa kuwa mlinzi. Pingamizi hili ni la kweli. Desturi ilijua kuezeka. Haikuwa na vifaa vya kuzima moto ndani ya mji mkubwa. Ni lazima desturi ikubali kujifunza. Hata hivyo, mabomba ya maji huongezwa kwenye desturi iliyo hai kwa urahisi kuliko desturi kuongezwa kwenye mabomba.

Pingamizi la pili linahusu mazingira. Vifaa vya asili si lazima viwe rafiki wa misitu. Chokaa ya pwani ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe katika tanuu, yaani rundo kubwa la magogo lililowashwa kwa siku kadhaa. Boriti zilikatwa katika mikoko, na mikoko ndiyo inayolinda ufuko na mazalio ya samaki. Anayesema kwamba kila kilichofanywa na wahenga ni endelevu anawasingizia wahenga jambo wasilolikusudia. Wao walikuwa wachache na misitu ilikuwa mingi. Jibu ni kutofautisha ujenzi na utunzaji. Kuziba ufa kwa chokaa kidogo kila mwaka hula kuni chache kuliko kujenga ukuta upya kwa kifaa chochote kile. Jengo linaloharibu mazingira kwa kiasi kidogo kabisa ni lile ambalo limekwisha kujengwa na halijaachwa lianguke.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi. Ujuzi unaofungwa ndani ya ukoo mmoja, au ndani ya nyumba chache za waashi, unaweza kufa na wazee wachache. Siri iliyokuwa ulinzi inageuka kuwa hatari. Hapa hoja ya makala haya inapata mpaka wake. Haki ya kutenda inaweza kubaki kwa ukoo, lakini maelezo ya tendo hayana budi kuandikwa, kwa ridhaa ya wenyewe na katika lugha yao. Yakiandikwa kwa lugha ya mfadhili tu, fundi kijana atayapokea kama habari za ng'ambo.

5. FUNZO KWA KONGO

Nchini Kongo mambo haya si ya mbali. Mjini Lubumbashi, jumba la michezo ya kuigiza lililokamilika mwaka 1956 kwa usanifu wa Claude Strebelle na wenzake liligeuzwa baada ya uhuru kuwa mahali pa kukutania wabunge, likaitwa Jengo la 30 Juni. Kama Jumba la Maajabu, limepokea wapangaji wa aina mbalimbali ambao hawakuwa wale waliokusudiwa na msanifu wake. Mjini Kinshasa, Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa mwaka 2019 yalijengwa kwa fedha za Korea ya Kusini. Ni zawadi kubwa, na vitu vya kale vilivyohifadhiwa humo vilistahili nyumba bora. Lakini kila jengo linalotolewa likiwa kamili, pamoja na mitambo yake, huleta swali lililoulizwa ufukoni Unguja: mtambo ukilala, ni fundi yupi wa hapa mwenye wajibu wa kuuamsha, naye aliupata ujuzi wake kwa nani?

Upande wa pili, Katanga ina utaalamu wake. Udongo wa vichuguu vikubwa vya mchwa, ambavyo baadhi yao hupita mita 5 kwenda juu, hufyatuliwa matofali yenye sifa ya kushikana vizuri. Huo ni ujuzi wa mahali, nao una maneno yake. Lakini matofali hayo huchomwa kwa kuni za miombo, na miombo iliyozunguka mji imekwisha kusogea mbali kwa ajili ya makaa. Basi pingamizi la pili linamhusu Mkongo sawasawa na linavyomhusu mtu wa pwani. Nyumba ya utamaduni inayotaka kujengwa kwa udongo wa Katanga itabidi ipunguze kuchoma, iutumie udongo mbichi pale inapowezekana, na ipewe paa refu la kukinga mvua. Kila moja ya hatua hizo inadai fundi mwenye kukaa karibu.

Idara za Kiswahili zina kazi mahususi katika jambo hili, na kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kwenda kwa wafyatuaji wa matofali na kwa waashi wazee, akakusanya majina ya udongo, ya vipimo, ya nyufa na ya dawa za nyufa, pamoja na maneno yaliyotoka katika Kifaransa na katika lugha za Katanga. Asiishie kwenye nomino. Vitenzi ndivyo vinavyobeba ujuzi, kama "kupigilia" kunavyoonyesha. Orodha hiyo ikifikishwa kwa wasanifu na kwa walinzi wa makumbusho, itakuwa kitabu cha utunzaji kabla ya kuwa sura ya kamusi.

HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Jumba la Maajabu na nyumba ya Kasubi, zilizozaliwa karibu wakati mmoja, zilipata maafa yanayolingana na kupona kusikolingana. Tofauti haikuwa kati ya jiwe na nyasi. Ilikuwa kati ya jengo lenye watazamaji na jengo lenye watunzaji. Msanifu anayebuni nyumba ya utamaduni leo anapaswa kueleza katika mchoro wake, pamoja na kuta na paa, ni nani atakayezipanda kuta hizo kila baada ya masika, atapita wapi, atatumia kifaa gani, na kifaa hicho kinaitwaje katika lugha ya fundi. Mchoro usioyajibu maswali hayo haujakamilika, hata kama jengo lake litastaajabiwa na wote wanaoingia bandarini.